Mnyonge Mnyongeni? Kiswahili, Ushahidi na Hoja ya Kufuta Adhabu ya Kifo

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" hutumiwa na wasemaji wa Kiswahili wanapotaka kukiri jambo jema la mtu wasiyempenda. Anayeitamka hafikirii kitanzi wala gereza. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya juujuu, methali hii inaweka pamoja amri mbili: mtu anyongwe, na mtu huyo huyo apewe haki yake. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kama amri hizo mbili zinaweza kutimizwa kwa mtu mmoja.

Swali hilo limo ndani ya mjadala wa kufuta adhabu ya kifo, ambao nchini Tanzania umeendeshwa kwa miaka mingi na wanasheria, viongozi wa dini na watetezi wa haki za binadamu. Wanaisimu wamekaa kando, kana kwamba jambo lenyewe haliwahusu. Makala haya yanashikilia kwamba linawahusu sana. Adhabu ya kifo hujengwa kwa maneno tangu mwanzo hadi mwisho: maneno ya shahidi, maneno ya mkalimani, maneno ya jaji anayeandika kumbukumbu, na hatimaye maneno ya hukumu. Anayeijua tabia ya lugha anajua pia kwamba maneno hayo hukosea, na kwamba mara nyingi makosa yake hugunduliwa baada ya muda mrefu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba adhabu isiyoweza kusahihishwa haifai kujengwa juu ya chombo ambacho kwa asili yake huhitaji kusahihishwa kila mara.

2.0 Mjadala Ulipofikia

Inafaa kwanza hali ya sheria ielezwe kwa ufupi. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaagiza katika kifungu cha 197 kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia ahukumiwe adhabu ya kifo. Njia ya kutekeleza adhabu hiyo ni kunyongwa. Mwanamke mjamzito, na mtu ambaye alikuwa na umri wa chini ya miaka 18 alipotenda kosa, hawahukumiwi adhabu hiyo. Kwa wengine wote jaji hana uchaguzi.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua, katika shauri lijulikanalo kwa jina la Mbushuu, kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Jambo la kuzingatia ni kwamba Mahakama ya Rufani haikuisifu adhabu yenyewe. Ilikubali kuwa ni ya kikatili, ya kinyama na ya kudhalilisha, lakini ikaona kwamba inaokolewa na Ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu sheria zinazolinda maslahi ya umma. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifikia uamuzi ulio kinyume na huo na kuifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji.

Tangu wakati huo majirani wamekwenda kwa mwendo mbalimbali. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007 na Burundi mwaka 2009. Nchini Uganda, katika shauri la Kigula la mwaka 2009, na nchini Kenya, katika shauri la Muruatetu la Desemba 2017, mahakama za juu ziliiacha adhabu yenyewe lakini zikaondoa ulazima wake katika kosa la mauaji. Zambia iliifuta mwaka 2022, na Zimbabwe mwaka 2024. Kwa upande mwingine, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliondoa mwaka 2024 zuio la utekelezaji lililokuwapo kwa miaka zaidi ya ishirini. Haifai basi kudai kwamba historia inaelekea upande mmoja tu. Kuhusu Tanzania yenyewe, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019 kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu wa mtu. Serikali iliagizwa kuuondoa ulazima huo katika sheria zake.

Hata katika maelezo haya mafupi lugha imekwisha kujitokeza. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kisha inaifunga sentensi kwa kirai "kwa mujibu wa sheria". Je, kirai hicho kinahusu nini? Kikiambatanishwa na kilicho karibu nacho, yaani hifadhi ya maisha, basi sheria inaelekeza jinsi jamii inavyomlinda mtu. Kikiambatanishwa na sentensi nzima, basi kuishi kwenyewe kumewekwa chini ya sheria, na sheria ikitaka inaweza kukuondoa. Sarufi ya Kiswahili inaruhusu masomo yote mawili, na alama ya mkato haitoshi kulikata shauri. Ikiwa andiko kuu la nchi, lililopimwa neno kwa neno na wataalamu, linabeba utata wa namna hii, inapasa kujiuliza kuna utata kiasi gani katika maneno ya shahidi aliyesimama kizimbani kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

3.0 Ushahidi wa Kiswahili, Kumbukumbu ya Kiingereza

Kwa miongo mingi baada ya Uhuru, Mahakama Kuu iliandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza, ilhali mashahidi wengi walizungumza Kiswahili. Jaji alisikia kwa lugha moja akaandika kwa lugha nyingine. Katika shauri la madai kosa la tafsiri hugharimu fedha au shamba. Katika shauri la mauaji gharama yake ni ya namna nyingine kabisa. Kuua kwa kukusudia hutofautiana na kuua bila kukusudia kwa dhamira ya mtendaji, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kitanzi na kifungo. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza mambo yanayoangaliwa katika kuitafuta dhamira: silaha iliyotumika, nguvu, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, mwenendo wa mshtakiwa, na pia maneno aliyoyatamka kabla ya tendo, wakati wa tendo au baada yake. Kwa hiyo maneno ni sehemu ya ushahidi wa dhamira, na maneno hayo hufika mahakamani yamebebwa na maneno ya mtu mwingine.

Mifano ifuatayo haikutolewa katika shauri lolote. Ni matumizi ya kawaida ambayo kila msemaji wa Kiswahili anayajua.

(1) Alimpiga akafa.
(2) Alimpiga hadi akafa.
(3) Alimpiga hadi kumuua.
(4) Alitaka kumuua.
(5) Utanitambua.

Katika mfano wa (1) kiambishi -ka- kinaonyesha mfuatano wa matukio: kupigwa kulitangulia, kufa kukafuata. Hakisemi kwamba mpigaji alikusudia kifo, wala hakisemi kwa uhakika kwamba kipigo ndicho kilichosababisha kifo, ingawa msikilizaji atadhani hivyo. Mfano wa (2) unaonyesha kikomo cha kupiga, na mfano wa (3) unamfanya mpigaji kuwa mtendaji wa kifo chenyewe. Shahidi wa Kiswahili anazo sentensi tatu za kuchagua. Mwandishi wa kumbukumbu mwenye haraka anao msemo mmoja wa Kiingereza uliozoeleka, ambao hukusanya zote tatu na kuelemea upande wa ile ya mwisho. Shahidi aliyechagua (1) kwa sababu hakutaka kusema zaidi ya alichokiona, anaweza kukutwa katika kumbukumbu amesema (3).

Mfano wa (4) ni wa hatari zaidi. Kitenzi -taka katika Kiswahili kina maana mbili zilizo mbali. Maana ya kwanza ni kuwa na nia au haja. Maana ya pili ni kukaribia kutokea: husemwa "mti ulitaka kuanguka" na "mtoto alitaka kudondoka", wala hakuna anayefikiri kwamba mti una nia au kwamba mtoto alipenda kudondoka. Mtu anaposema kuhusu ugomvi wa siku zilizopita kwamba fulani "alitaka kumuua" mwenzake, anaweza kuwa anaeleza nia, na anaweza kuwa anasema tu kwamba ugomvi ule nusura usababishe kifo. Muktadha na kiimbo ndivyo vinavyoamua, na kumbukumbu ya maandishi haihifadhi kiimbo. Tafsiri ya neno kwa neno itachagua nia, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya kwanza katika kamusi. Hapo mshtakiwa atakuwa amepewa dhamira ya kuua kwa sababu ya kitenzi ambacho mti pia huweza kukitumikia.

Mfano wa (5) unawakilisha kundi kubwa la vitisho vya kila siku: "utanitambua", "utaona cha mtema kuni", "leo ni leo", hata "nitakuua" ambalo mama humwambia mtoto aliyevunja kikombe. Vitisho hivi havitaji tendo maalumu. Vinapima hasira, na nguvu yake hutegemea uhusiano wa wanaozungumza. Wanapragmatiki wamefundisha kwa muda mrefu kwamba maana ya usemi haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake. Lakini mahakama, baada ya kifo kutokea, husoma usemi kwa kurudi nyuma: kwa kuwa mtu amekufa, kitisho kilichotangulia kinaonekana kuwa ahadi.

Huenda ikasemwa kwamba tatizo hili limekwisha, kwa kuwa mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Marekebisho hayo yanastahili kupongezwa, na wanataaluma wa Kiswahili waliyangoja kwa muda mrefu. Hata hivyo hayamalizi jambo, kwa sababu tatu. Kwanza, wapo watu waliotiwa hatiani kwa kumbukumbu zilizoandikwa chini ya utaratibu wa zamani. Pili, kwa mashahidi wengi wa vijijini Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Msukuma, Mmaasai au Mkurya mzee anayeeleza tukio la usiku hufikiri kwa lugha yake, na mkalimani huhitajika bado. Tatu, na hili ndilo la msingi, mifano ya (4) na (5) ina utata ndani ya Kiswahili kile kile, baina ya wasemaji wazawa. Kuondoa tafsiri kunapunguza makosa, lakini hakuondoi umbali uliopo baina ya neno na nia ya aliyelitamka.

4.0 Hukumu Isiyopewa Hekima

Neno "hukumu" katika Kiswahili linabeba mambo mawili ambayo wanasheria huyatenganisha: uamuzi kwamba mshtakiwa ana hatia au hana, na adhabu inayofuata. Wananchi husema "amehukumiwa" wakimaanisha la kwanza, la pili, au yote kwa pamoja. Katika makosa mengi muungano huo wa maana hauna madhara, kwa kuwa kati ya hatua hizo mbili kuna mlango. Mshtakiwa akishatiwa hatiani husikilizwa tena, huomba apunguziwe adhabu, na jaji hupima umri wake, mazingira ya kosa, uchokozi aliotendewa na majuto yake.

Katika kosa la kuua kwa kukusudia mlango huo umefungwa na sheria. Jaji akishasema kwamba hatia imethibitika, sentensi inayofuata imekwisha kuandikwa na Bunge. Mwanamke aliyemuua mume aliyempiga kwa miaka na jambazi aliyeua watu ili aibe hupokea maneno yale yale. Maneno "hukumu", "hakimu", "mahakama" na "hekima" yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Etimolojia si hoja ya kisheria, na asili ya neno haiamui maana yake ya leo. Lakini undugu wa maneno haya unakumbusha jambo ambalo jamii ya wasemaji imelitarajia daima kwa anayeamua: kwamba apime. Hukumu ambayo haikuachiwa nafasi ya kupima ni tangazo, na aliyeketi katika kiti cha jaji anakuwa msomaji wa tangazo hilo.

Hapa ndipo makosa ya lugha yaliyoelezwa katika sehemu ya 3.0 yanapopata uzito wake wote. Lau jaji angekuwa na uchaguzi, shaka ndogo kuhusu maana ya "alitaka kumuua" ingeweza kupata mahali pa kukaa: haitoshi kumwachia mshtakiwa huru, lakini inatosha kumwepusha na adhabu ya juu kabisa. Chini ya adhabu ya lazima shaka ndogo haina makazi. Ama iwe kubwa kiasi cha kubadili kosa, ama ipotee. Watetezi wa hali ilivyo hujibu kwamba ipo rufaa. Ni kweli. Lakini rufaa husikilizwa kwa kusoma kumbukumbu, na kosa lililoingia katika kumbukumbu husafiri pamoja nayo hadi ngazi ya juu.

5.0 Neno Lisilotimizwa

Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna mtu aliyenyongwa nchini Tanzania kwa amri ya mahakama. Kwa mujibu wa taratibu, hukumu haitekelezwi mpaka Rais atoe amri, naye anayo mamlaka ya kusamehe chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Septemba 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba asingetia saini amri ya kumnyonga mtu. Wakati huo huo mahakama zimeendelea kutoa hukumu za kifo kila mwaka, kwa kuwa sheria haiziruhusu kutoa nyingine.

Hali hii inastahili kutazamwa kwa nadharia ya tendo-uneni. Katika mihadhara yake iliyochapwa mwaka 1962, mwanafalsafa J. L. Austin alionyesha kwamba baadhi ya semi hazielezi ulimwengu bali huubadilisha, na akatoa hukumu za mahakamani kuwa miongoni mwa mifano yake. Alieleza pia kwamba semi za namna hii zina masharti yake: msemaji awe na mamlaka, utaratibu ufuatwe, na pale utaratibu unapotaka nia na mwenendo fulani, nia hiyo iwepo na mwenendo ufuate. Jaji anapotamka kwamba mshtakiwa atanyongwa hadi kufa, masharti ya mamlaka na utaratibu yametimia. Sharti la mwisho halijatimia kwa miongo mitatu.

Je, neno hilo basi ni tupu? Kwa dola labda ni tupu, kwa aliyeambiwa si tupu hata kidogo. Linamhamisha kutoka katika kundi la wafungwa wanaohesabu miaka na kumweka katika kundi la wanaongoja siku isiyotajwa. Mfungwa wa miaka 30 anaweza kuhesabu. Aliyehukumiwa kifo hana cha kuhesabu, na kila Rais mpya ni swali jipya. Mahakama ya Juu ya Uganda ilitambua jambo hili mwaka 2009, ilipoamua kwamba kumngojesha mtu kwa zaidi ya miaka mitatu baada ya mahakama ya juu kabisa kuithibitisha adhabu yake ni jambo lisilovumilika, na kwamba adhabu hiyo igeuke kifungo cha maisha.

Muundo wa sentensi yenyewe unasaidia hali hii idumu. "Atanyongwa" ni kauli ya kutendwa, na kauli hiyo huruhusu mtendaji asitajwe. Jaji husema kwamba sheria ndiyo inayotaka. Bunge husema kwamba mahakama ndiyo inayohukumu. Rais husema kwamba hatatia saini. Gereza hungoja amri. Kila mmoja anaweza kusema kweli kwamba si yeye anayenyonga, na hakuna anayelazimika kusema kwamba kunyonga kukome. Lau sheria ingelazimisha sentensi hiyo itamkwe kwa kauli ya kutenda, na mtendaji akatajwa, huenda mjadala huu ungekwisha zamani.

Hali kadhalika, hoja ya kwamba adhabu ya kifo huwatisha wanaokusudia kuua inadhoofishwa na ukimya huu wa miaka thelathini. Kitisho ni tendo-uneni pia, na kitisho ambacho mtoaji wake amekwisha kutangaza kwamba hatakitekeleza hakimtishi aliye nje. Humtisha aliye ndani peke yake.

6.0 Hoja ya Wafiwa

Wapinzani wa kufutwa kwa adhabu hii wanayo hoja moja ambayo haipaswi kupuuzwa, nayo ni hoja ya wafiwa. Wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007, na wakati wa mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi, wananchi walisema kwa uchungu kwamba anayemkata mtoto viungo hastahili kuishi. Mwaka 2009 mahakama ilitoa hukumu za kifo dhidi ya baadhi ya wauaji hao, na wengi waliona kwamba haki imetendeka. Mwanataaluma anayewajibu watu hawa kwa kuwaita washamba au wenye kiu ya damu hajawasikiliza.

Sehemu ya mgongano huu imo katika neno "haki". Kiswahili hutumia neno hilo moja kwa stahili ya mtu binafsi, kama katika "haki ya kuishi", na kwa uadilifu wa jumla, kama katika "haki itendeke". Mtetezi wa kufuta adhabu hutumia maana ya kwanza, mfiwa hutumia maana ya pili, na kila mmoja humwona mwenzake kuwa adui wa haki. Ukweli ni kwamba mfiwa haombi kifo kwa ajili ya kifo. Anaomba uthibitisho kwamba maisha ya aliyempoteza yalikuwa na thamani, na lugha ya sheria haikumpa njia nyingine ya kuusema uthibitisho huo.

Neno "kisasi" linaonyesha kilichopotea. Katika Kiarabu, lilikotoka, ni istilahi ya sheria yenye kipimo: malipo yasizidi kosa, na warithi wa aliyeuawa wanaweza kusamehe au kupokea dia. Lilipoingia katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili lilipoteza kipimo hicho na kubaki na hasira. Mtu "hulipiza kisasi" nje ya sheria. "Dia" yenyewe imebaki katika kamusi na vinywani mwa wachache. Katika jamii za bara pia, kama Wamaasai, ukoo wa muuaji umezoea kulipa mifugo kwa ukoo wa aliyeuawa. Taratibu hizi zilikuwa na kasoro zake, hasa kwamba tajiri angeweza kununua amani. Lakini zilimpa mfiwa nafsi ya kwanza katika mazungumzo. Kanuni ya Adhabu imempa nafasi ya shahidi tu. Shauri ni baina ya Jamhuri na mshtakiwa, na hukumu ikishatolewa mfiwa hurudi nyumbani bila neno wala msaada.

Wapo pia wanaosema kwamba kufuta adhabu ya kifo ni wazo la kigeni. Si kweli kwamba kabla ya ukoloni hakuna aliyeuawa kwa amri ya mtawala, na mjadala haufaidiki kwa kuipamba historia. Lakini kitanzi kama chombo cha dola kiliingia katika kumbukumbu ya nchi hii kwa njia inayojulikana. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwaka 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, na mahali pale hadi leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Songea Mbano na viongozi wenzake wa Wangoni walinyongwa mwaka 1906. Kanuni ya Adhabu yenyewe ililetwa na Waingereza mwaka 1930. Ikiwa ugeni ni kasoro, kitanzi hakiwezi kujitetea kwa hoja hiyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayakujaribu kuthibitisha kwamba walio katika vyumba vya wanaongoja kunyongwa hawana hatia. Wengi huenda wanayo, na baadhi walitenda mambo ya kutisha. Kilichojaribiwa ni kuonyesha kwamba njia inayomfikisha mtu katika vyumba hivyo imetengenezwa kwa lugha, kwamba kila hatua ya njia hiyo ina utata ambao wanaisimu wanaujua kwa majina yake, na kwamba adhabu ya lazima huuziba utata huo pale hasa ambapo ungepaswa kusikilizwa. Kifungo cha maisha kinaweza kufunguliwa siku itakapogunduliwa kwamba shahidi hakusema kilichoandikwa. Kifo hakifunguliwi.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, ulazima wa adhabu ya kifo uondolewe katika Kanuni ya Adhabu bila kungoja zaidi, kama ilivyoamuliwa Arusha mwaka 2019. Hili ni hatua tu, na mwisho wake uwe kuifuta adhabu yenyewe. Pili, wale ambao wamekwisha kuhukumiwa wapewe adhabu inayoweza kuhesabiwa, na kumbukumbu zao za ushahidi zipitiwe upya kwa msaada wa watu wanaojua lugha zilizotumika. Tatu, idara za Kiswahili na isimu zifundishe ukalimani wa mahakama kama taaluma kamili, na watafiti wake wazisome kumbukumbu za mashauri kama wanavyosoma tenzi na riwaya.

Iliyobaki ni methali. Umbo la neno "mnyonge" linafanana na "mtume" na "mteule", nomino zinazomtaja aliyetendewa: aliyetumwa, aliyeteuliwa. Kwa kipimo hicho mnyonge ni aliyenyongwa, ingawa katika matumizi ya leo ni mtu dhaifu asiye na wa kumsemea. Tahadhari iliyotolewa hapo juu kuhusu etimolojia inahusu neno hili pia. Kilicho wazi zaidi ni sarufi ya sehemu ya pili ya methali. Kitenzi -pa hakikamiliki bila mpokeaji: lazima awepo wa kupewa. Amri ya pili inamtaka mtu aliye hai, na amri ya kwanza ikitangulia kutekelezwa, ya pili haina wa kumfikia. Wahenga waliiacha kwa sababu walizungumza kwa mafumbo. Sheria haizungumzi kwa mafumbo, na inapaswa ichague mojawapo.